Nyoka Aliyekuja na Mahindi ya Njano

Mwezi uliopita nilitoka Bunju mpaka Temeke kwenda kumzika mzee mmoja ambaye nimemchukia tangu nina miaka tisa. Sikutaka kwenda. Mdogo wangu ndiye aliyenibembeleza kwenye simu: "Dada, ni mzee wa mtaa wetu wa zamani, twende tukaonekane." Basi nikajifunga kanga yangu ya msibani, nikakaa chini ya turubai pamoja na kina mama wengine, nikanyamaza kama inavyotakiwa.

Kisha akasimama mjukuu wa marehemu na karatasi ya wasifu. Akasoma babu yake alizaliwa wapi, akafanya kazi gani, akawa balozi wa nyumba kumi kwa miaka mingapi. Halafu akasoma hivi: kwamba enzi za njaa marehemu alilisimamia duka la ushirika kwa uadilifu mkubwa, hata panya hakugusa punje moja ya wananchi. Watu wakatikisa vichwa. Mwanamke aliyekaa ubavuni mwangu akanong'ona, "Alikuwa mtu kweli huyu."

Nikainuka. Nilipita katikati ya miguu ya watu bila kumwomba mtu samahani, nikatoka mpaka barabarani. Mdogo wangu akanifuata mbio akidhani presha imenipanda.

Haikuwa presha. Panya hakugusa punje, ndiyo, hilo ni kweli kabisa. Na mie najua kwa nini. Waliokuwa wakijua wamekufa wote, nimebaki peke yangu, kwa hiyo kaa karibu rafiki yangu nikueleze, maana nikikaa na jambo hili kifuani hata wiki moja zaidi litaniua.

Temeke niliyokulia mie si hii unayoiona, yenye fremu za maduka ukuta kwa ukuta. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, na kati ya ua na ua palikuwa na makuti tu, hivyo jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kwako. Asubuhi ulisikia ndoo zikigongana bombani, mchi ukitwanga kisamvu, na redio moja ikisomea taarifa ya habari nyumba nne. Mvua zilikuwa zimegoma. Huko mikoani watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya juzi tu na mashamba yao yalikuwa hayajashika. Mjini tulipanga foleni kwa kila kitu, sabuni, sukari, kanga, na zaidi ya vyote unga. Serikali ilileta mahindi ya njano kutoka Marekani, na unga wake tukauita yanga, kwa rangi yake iliyofanana na jezi za timu hiyo. Ugali wa yanga ulikuwa na utamu wa ajabu usiokubaliana na dagaa, na sie watoto tulisema unanuka meli.

Baba alikuwa karani bandarini. Alisimama siku nzima juani juu ya meli, akiandika magunia yanayopandishwa kutoka chini. Kwao ni Usukumani, mtoto wa katekista, aliyelelewa kwenye nyumba ya misheni kwa sala na sabuni, na mpaka siku ninayotaka kukusimulia hakuwa amegusa nyoka maishani mwake. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walisema mengine.

Jumamosi moja mchana alirudi na kikapu cha ukili kilichoshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Akakiweka uani taratibu, kama mtu anayetua mayai.

"Nini hicho?" Mama akauliza.

"Mgeni."

"Baba watoto, nakuuliza vizuri. Nini hicho?"

"Nyoka," Baba akasema. "Lakini hana sumu."

Mama hakupiga kelele. Alimbeba mdogo wangu mgongoni, akafunga kanga, akachukua kanga nyingine ya kubadilisha, akasema, "Huyo akilala humu ndani, mie nalala kwa dada yangu Kinondoni." Na kweli akaenda. Alikaa Kinondoni siku tatu.

Kwa hiyo tulibaki wawili, Baba na mie, na kikapu. Akanieleza. Makuli walimkuta katikati ya magunia ya mahindi, chini kabisa, na mmoja alikuwa keshainua chuma ampige. Mpishi wa meli, Mmarekani mweusi aliyekulia shambani, ndiye aliyeshuka ngazi mbio akipiga makelele, akamwokota kwa mikono mitupu, nyoka akajizungusha kwenye mkono wake kama bangili. Mpishi akamwambia Baba kwamba kwao nyoka hawa hukaa kwenye ghala za mahindi, na jina lao ni nyoka wa mahindi. Mwenye ghala hawaui, maana ndio wanaomlindia chakula. Baba, ambaye panya walikuwa wametoboa debe letu la unga wiki ileile, akauliza anafugwaje. Mpishi akamjibu mambo manne, na Baba akayaandika nyuma ya karatasi ya kazini: awe na joto, awe na maji, apewe panya mmoja kwa wiki, na akishashiba asiguswe mpaka tumbo litulie.

Hayo manne ndiyo tuliyoanza nayo. Mengine yote tulijifunza wenyewe.

Tulimtengenezea nyumba kwenye kasha la mbao lililokuwa la majani ya chai, tukapigilia wavu wa dirishani juu yake, na juu ya wavu jiwe. Ndani tukaweka mchanga, makuti makavu kidogo, kipande cha gome la mnazi cha kujifichia, na kibakuli cha bati chenye maji. Siku ya kwanza alitetemesha mkia kwenye makuti makavu kwa sauti ya mvua inayoanza kunyesha, nami nikakimbilia mlangoni. Baba hakunicheka. Alikaa chini, akaweka mkono wake ndani ya kasha, akauacha pale bila kuusogeza mpaka jasho likamtoka puani. Nyoka akaja mwenyewe. Akaugusagusa mkono kwa ulimi, akapanda.

"Njoo, mama," Baba akaniita. Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Mshike kwa mikono miwili. Usimbane. Mwachie aende, wewe mfuate."

Nilitegemea ubaridi na utelezi, kama samaki. Alikuwa mkavu na vuguvugu, laini kama mpini wa jembe la zamani. Mgongo wake ulikuwa na mabaka mekundu kama tofali la kuchoma, na tumbo lake lilikuwa na viboksi vyeusi na vyeupe mithili ya ubao wa drafti. Tangu siku ile sikuogopa tena. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa na kitu ambacho hakuna mtoto mwingine Temeke nzima aliyekuwa nacho, na kitu hicho nilikuwa nacho pamoja na baba yangu.

Kazi ya kutega panya ikawa yangu. Kazi ya kubadilisha maji ikawa yangu. Nikidhani jina lake ndilo chakula chake, nilimwekea punje za mahindi ya njano kwa siri, na Baba alipozikuta akacheka mpaka akashika ukuta. Mama alirudi siku ya nne, akasimama mbali, akauliza kama tumekula. Baada ya wiki mbili, alipoona debe la unga liko salama, akaacha kumwita "huyo" na kuanza kumwita "mpangaji."

Mwezi wa kwanza ulipokwisha, macho ya nyoka yakageuka ya bluu yenye ukungu, kama ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Akakataa panya. Ngozi ikafifia. Nililia nikijua anakufa. Baba naye alijua anakufa, niliona usoni, lakini kila jioni alipotoka kazini alipiga magoti kando ya kasha hata kabla ya kuvua viatu. Siku ya nane tukakuta ngozi nzima kwenye gome la mnazi, imetoka kama soksi, mpaka vifuniko vya macho, na nyoka mwenyewe aking'aa kama amepakwa mafuta. Baba aliishika ile ngozi juani akaigeuzageuza, akasema, "Kumbe! Kumbe!" kama mtoto. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akifurahia kutojua kitu.

Lakini bado alikataa kula, na tumbo lilikuwa limevimba. Siku kumi baadaye nikainua gome nikakuta mayai kumi na matatu, meupe, marefu, yameshikamana. Alikuwa amepanda meli akiwa nayo tayari. Baba akaenda kwa mchonga vinyago, Mmakonde aliyekaa mwisho wa mtaa, akaomba maranda ya mbao. Tukayalaza mayai ndani ya maranda yaliyoloweshwa kidogo, kwenye beseni, tukafunika kwa gunia, tukaweka nyuma ya jiko mahali penye joto la wastani. "Usiyageuze," Baba akasema. "Hatujui kama yanageuzwa. Tusichokijua tusikiguse."

Nilimwonyesha mtu mmoja tu, binti wa jirani yetu wa upande wa bomba. Tulikuwa darasa moja, dawati moja, na tulikuwa tukisukana nywele. Aligusa yai moja kwa ncha ya kidole, akasema ni laini kama sikio.

Sasa ndipo alipoingia balozi.

Alikuja Jumapili mchana, watu wengi wakiwa wamekwenda kutazama mpira. Baba akampa kiti, mie nikampa shikamoo. Akazunguka kwa habari za kazi na habari za ukame, halafu akasema, "Ndugu Karani, nasikia una mnyama."

Baba akakubali.

Balozi ndiye aliyekuwa na dhamana ya duka la ushirika. Panya walikuwa wamelivamia ghala, magunia yalikuwa yametobolewa, na wakubwa walikuwa wanakuja kukagua mwisho wa mwezi. Wangekuta unga wa wananchi umemwagika sakafuni na mavi ya panya juu yake. "Nimetega, nimeweka sumu, nimeshindwa," akasema. Nakumbuka alivyokuwa akifuta shingo kwa leso. "Nisaidie ndugu yangu. Lakini liwe letu. Wananchi wakisikia chakula chao kimelindwa na nyoka, nani atakila?"

"Halitoki hapa," Baba akasema.

Balozi akanigeukia. "Na huyu?"

"Huyu ni kama mimi."

Sijawahi kusifiwa maishani mwangu kama nilivyosifiwa siku ile. Ningekatwa kichwa kabla ya kusema.

Mie ndiye niliyembeba. Nilimweka kwenye kikapu, juu yake nikatandaza matembele, nikapita katikati ya mtaa kama mtoto aliyetumwa mboga, nikaingia mlango wa nyuma wa duka. Alikuwa ametoka kutaga, amekonda, na njaa yake ilikuwa kubwa. Alikaa mle ghalani wiki tatu. Kila jioni Baba na mie tulikwenda kumbadilishia maji, na kila jioni balozi alitufungulia mwenyewe na kusimama mlangoni akiangalia huku na huku. Panya wengine aliwala. Wengine, nadhani, walihama kwa harufu yake tu. Wakubwa walipokuja walikuta magunia mazima yamepangwa kwenye chaga, sakafu safi, wakampa balozi mkono mbele ya watu. Wakasema ghala lake ni mfano.

Alituletea sukari imefungwa kwenye gazeti. Mama akapika uji, na sie tukaunywa tukidhani tuna rafiki.

Miezi miwili haijatimia tangu mayai yatagwe, surua ikaingia mtaani. Binti wa jirani alianza kwa kukohoa darasani. Siku ya tatu hakuja. Nilikwenda kumwona, mama yake akanizuia mlangoni, nikamwona kwa mbali amelala mkekani, macho mekundu, midomo imepasuka. Wiki moja baadaye akafa. Nilisimama na wenzangu wa darasa letu, kila mmoja ameshika ua la mchungwa, na sikuelewa kwa nini sanduku ni dogo vile wakati mwenzangu alinizidi urefu.

Watoto wengine wakaugua nyumba tatu tofauti. Ndipo maneno yakaanza. Yule binti alikuwa amemwambia mama yake juu ya mayai, kwa furaha tu, kama mtoto anavyosimulia. Sasa mama yake, kwa uchungu wake, akayasema mbele ya watu: kwa karani kuna joka jekundu lililotaga mayai kumi na matatu, na mwanangu aligusa moja. Kufika bombani maneno yalikuwa yameshaota miguu. Kwamba kila yai ni mtoto mmoja. Kwamba Msukuma huyu, watu wa kwao wanacheza ngoma na nyoka, mtadhani anafuga bure? Baba, ambaye katika maisha yake yote alikuwa ameimba kwaya tu!

Yule mama sina hasira naye. Nimejaribu, sikuweza. Alikuwa amezika.

Kikao kikaitishwa Jumapili saa tisa alasiri, mbele ya duka la ushirika. Sikiliza vizuri: mbele ya lilelile ghala. Balozi alikaa kwenye kiti kibarazani, daftari mapajani, na nyuma ya mgongo wake palikuwa na ghala nililoingia mie na kikapu cha matembele. Watu walijaa mpaka barabarani. Yule mama mfiwa alikaa chini, kanga kichwani, hakuinua uso.

Asubuhi ya siku hiyohiyo, nyuma ya jiko, mayai mawili yalikuwa yamepasuka. Hayakuwa yamevunjika, yalikuwa yamechanika kidogo kama yamekatwa kwa wembe, na kwenye kila mpasuo palikuwa na kichwa kidogo chekundu, kimetulia, kinatuangalia. Tulikaa pale Baba na mie mpaka Mama akatuita mara tatu. Baba alisema tusiwatoe, watatoka wenyewe wakiwa tayari.

Kwenye kikao alisimama akazungumza kwa adabu. Alisema surua inaambukizwa kwa kikohozi na pumzi, wapelekeni watoto kliniki wakachanjwe, mimi mwenyewe niko tayari kuongozana nanyi kesho asubuhi. Nyoka huyu hana sumu. Anakula panya tu. Nyumbani kwangu tunaishi naye miezi yote hii, na wanangu hawa hapa.

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Wewe na wanao lenu moja! Nani mwingine mtaa huu amekaa na hilo joka akasalimika? Mtaje mmoja tu!"

Kukawa kimya. Rafiki yangu, nimeishi miaka mingi na nimepita kwenye vimya vingi, lakini hicho nakisikia mpaka leo. Baba akamwangalia balozi. Hakumkazia macho, alimwangalia kama unavyomwangalia mtu unayempisha aseme. Lilitakiwa neno moja tu la balozi: Mimi. Nilikaa naye wiki tatu, na unga mnaokula ni yeye aliyeuokoa.

Balozi akafungua daftari lake akaanza kusoma kitu.

Nikasimama. Nilikuwa mdogo lakini sauti nilikuwa nayo. "Hata humu du..."

Mkono wa Baba ukanifunika mdomo. Ulikuwa unanuka wino na sabuni. Ulinibana kwa nguvu ambayo sikuwahi kuijua kwake, meno yangu yakanichana mdomo kwa ndani, nikaonja damu.

"Nyamaza," akasema sikioni mwangu.

Balozi akainua kichwa. "Watoto wasiingilie kikao," akasema. Kisha, kwa sauti ileile aliyotumia kututangazia zamu za unga: "Ndugu wananchi, nimewasikia. Usalama wa watoto wetu kwanza. Ndugu Karani, mlete."

Baba hakutaka watu waingie nyumbani kwetu na marungu. Akaniinamia. "Kamlete, mama," akasema. "Kwako anatulia."

Nikaenda. Nilimtoa kwenye kasha, akapanda mkononi mwangu kama siku zote, akaweka kichwa chake penye mkunjo wa kiwiko. Sikumweka kwenye kikapu. Nilipita naye hivyohivyo katikati ya mtaa, watu wakinipisha kwa mayowe, na yeye akiwaonja hewani kwa ulimi. Nyuma yangu Mama alikuwa amebeba beseni la mayai, machozi yanamtoka, yeye ambaye alikimbilia Kinondoni siku tatu.

Balozi alikuwa ametoa mafuta ya taa kutoka dukani. Ya duka! Mafuta tuliyokuwa tukiyapangia foleni tukipewa chupa moja kwa nyumba. Wakaniambia nimweke chini. Hakukimbia. Hakujua kwamba watu ni kitu cha kukimbiwa, maana sie tulimfundisha hivyo. Walimpiga kwanza kwa majembe, halafu wakammwagia mafuta, halafu wakamwaga beseni lote juu yake. Wale wawili waliokuwa wamechungulia nao wakaingia mle. Mtu mmoja alishangilia. Nilimgeukia Baba nikategemea atafanya kitu, chochote, hata alie. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaangalia chini.

Siku mbili baadaye akafa mtoto mwingine. Wiki iliyofuata manesi wakaja na sindano, wakapanga watoto foleni palepale penye majivu, na surua ikakoma. Hakuna aliyekuja kwetu kusema tulikosea. Panya walirudi ghalani kabla mwezi haujaisha, nilikuwa nikiwasikia nikisimama foleni, na balozi alipita akanigusa kichwa akasema, "Hujambo binti?" Nikamjibu shikamoo. Nililazimika. Alikuwa mkubwa wangu.

Mwaka uliofuata tukahamia Boko, wakati huo ni mikorosho na mihogo na nyumba za kuhesabu. Sasa hata hiyo Boko imekwisha, na ule mtaa wa Temeke umekwisha, duka la ushirika limekuwa gereji, bomba limeng'olewa. Hayo hayanisumbui. Mji unakua, sawa. Linalonisumbua ni Baba. Yule mtu aliyesema "Kumbe! Kumbe!" na ngozi mkononi hakuhamia nasi Boko. Aliyehamia alikuwa mtu anayekwenda kazini na kurudi, anayesikiliza redio bila kusema neno. Nilipomletea chura, nilipomletea kiota cha ndege chozi, alisema, "Rudisha ulikokitoa, usituletee mambo." Nilipofika sekondari nikamuuliza swali la baiolojia, akasema niwaulize walimu.

Nilimsubiri mpaka nikawa na watoto wangu mwenyewe. Siku moja tumekaa uani Boko, anamenya mihogo, nikamuuliza. "Baba, kwa nini hukusema siku ile?"

Hakujifanya hajui ni siku gani. "Nilikuwa nimeahidi."

"Na yeye? Yeye hakuwa na ahadi?"

Akaendelea kumenya. "Ningemwumbua mbele ya watu, kesho yake unga tungeupata kwa nani? Barua yako ya kwenda shule ingepigwa mhuri na nani? Mmoja kati yenu alikuwa bado ananyonya."

"Tungekula mihogo, Baba."

"Wewe ungekula," akasema. "Wewe ungeweza."

Akainuka taratibu, akakung'uta maganda mapajani, akaingia ndani na sufuria. Hatukulizungumza tena, na sasa hayupo.

Nilimwelewa. Na mie nimelea watoto kwenye miaka ya foleni, najua mhuri wa mtu mmoja ulikuwa na nguvu gani. Lakini kuelewa hakukunitua mzigo. Miaka yote hii nimekuwa nikiipeleka hasira yangu yote kwa balozi kwa sababu kwake ilikuwa rahisi, na mwezi uliopita, nilipokuwa nimesimama barabarani mdogo wangu akinipepea kwa kanga, niliona kwamba yeye wamemzika na hasira imebaki palepale, haikupungua hata robo. Ndipo nikajua nilikuwa nampa ambayo haikuwa yake peke yake. Nusu yake ilikuwa ya mkono ule ulionifunika mdomo, na nilimpenda mno mwenye mkono kumkabidhi alipokuwa hai.